"Nasikia tumbo likiungua tu": jinsi ya kusikiliza hisia kupitia mwili

Swali la msomaji: "Daktari, mimi ni mwanamume wa miaka 41, wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Nilikulia kambini, baba yangu akiwa askari, na kwetu hakuna mtoto wa kiume aliyelia mbele ya watu. Mke wangu alinipeleka kwa mshauri nasaha kwa sababu anasema amechoka kuishi na jiwe. Yule mama aliniuliza, 'Unasikiaje?' Nikajibu, 'Niko sawa.' Aliuliza mara tatu, na jibu likawa hilohilo. Mwishowe akaniambia nijifunze kusikiliza mwili wangu. Nimejaribu. Nakaa nimefumba macho, lakini sisikii kitu isipokuwa tumbo linaloungua, na jioni mabega yanakuwa mazito. Nilipimwa tumbo kwa kamera wakasema hakuna vidonda. Mwili unasikilizwaje? Au haya ni mambo ya Wazungu?"

Jibu:

Ndugu yangu, umeandika kwamba husikii kitu isipokuwa tumbo na mabega, kana kwamba tumbo na mabega ni kelele za njiani zinazokuzuia kufika penye jambo lenyewe. Mimi nitaanzia hapohapo, kwa sababu mtu anayejua kwamba tumbo lake linaungua na kwamba mabega huwa mazito jioni, wala si asubuhi, tayari amekwisha kusikia mambo mawili na saa ya moja kati ya hayo. Wengi wanaokuja kwangu huanza na kidogo kuliko hicho.

Niondoe kwanza wasiwasi wako kuhusu Wazungu. Lugha uliyoniandikia haijawahi kutenganisha mwili na hisia kwa namna unayoogopa. Mswahili husikia njaa, husikia baridi, husikia uchungu, husikia huruma na husikia hofu kwa kitenzi kilekile anachotumia kwa ngoma inayopigwa mtaa wa pili, na kitenzi "sikiliza" kimetokana na hicho. Mtu mwenye wasiwasi tunasema ana tumbo joto, aliyekosewa akanyamaza ameweka fundo moyoni, aliyeumizwa kwa maneno amekatwa maini. Ndugu zetu Waacholi huita "cwiny" ini na pia moyo unaohisi: mwenye furaha husema "cwinya yom", yaani cwiny yake imelainika, na huzuni nzito huitwa "cwer cwiny", kuvuja kwa cwiny. Wataalamu waliopeleka tiba ya mazungumzo ya vikundi katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai hapa Uganda, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003, walianza kwa kuwauliza wenyeji wanaitaje mateso yao, wakapewa majina mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, yaani kujichukia na kujihurumia. Wakafanya kazi kwa kuzingatia majina hayo, na vikundi vilipomaliza wiki zake 16, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ilikuwa imepungua sana. Kwa hiyo maarifa yenyewe si mageni kwetu. Kigeni ni ule mtindo wa kukaa kimya umefumba macho, na huo, kama nitakavyoeleza, kwako si wa lazima.

Kabla sijaendelea, tumalize habari ya hospitali. Tumbo linaloungua bila kidonda ni jambo la kweli la kitabibu, si uongo wala si "kichwani tu". Rudi uulize kama ulipimwa bakteria wa Helicobacter pylori, na umweleze daktari kila dawa unayomeza. Nauliza hili kwa makusudi, kwa maana mtu mwenye mabega mazito katika mji wenye maduka ya dawa kila kona hununua diklofenaki au ibuprofeni bila kuandikiwa, na dawa hizo zenyewe huunguza tumbo na zinaweza kulitoboa. Ikiwa ndivyo, mabega yako yamekuwa yakilichoma tumbo lako kupitia mfuko wa shati. Jiulize pia kuhusu chai ya rangi ya alfajiri na chakula cha kwanza cha saa tisa alasiri. Kumsikiliza mwenye njaa ni kumpa chakula, na sitaki ukae chini kutafuta huzuni ya utotoni kwenye tumbo linalodai viazi.

Kuna na mpaka ambao usikilizaji huu hauwezi kuuvuka. Watu wetu wakikasirika husema presha imepanda, na hudhani wataisikia ikipanda. Presha ya kweli mara nyingi haina dalili yoyote, na hujulikana kwa kupimwa mkononi tu. Hali kadhalika, maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au tayani, pumzi inayokata, choo cheusi kama lami, au kukonda bila sababu, hayo hayasikilizwi kwa daftari. Yanapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye jinsi mwili unavyotoa habari. Mwaka 1906 mwanasayansi Mwingereza Charles Sherrington alizitenga hisi zinazopokea habari za nje, kama macho na masikio, na zile zinazopokea habari za ndani ya mwili. Njia kuu mojawapo ya habari za ndani ni neva ya vagasi, inayotoka chini ya ubongo na kushuka shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Wengi hudhani neva hiyo ipo ili ubongo uamrishe viungo, kumbe nyuzi zake nne kati ya tano hivi hupeleka habari juu, kutoka viungoni kwenda ubongoni. Huko zinapokewa na sehemu kadhaa, hasa ile iitwayo insula, iliyojikunja ndani nyuma ya panja. Tumbo lako, kwa hiyo, linatuma ripoti mchana kutwa. Suala ni kwamba ripoti hizo huandikwa kwa ufupi mno, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaofundisha kwamba "mwili haudanganyi".

Mmarekani William James aliandika mwaka 1884 kwamba tunakosea mpangilio tunapodhani tunalia kwa sababu tuna huzuni: kwa maoni yake mwili hutangulia, na kile tunachokiita huzuni ni kule kuyasikia mabadiliko ya mwili. Wazo hilo lilipendwa sana. Ila mwaka 1927 mwenzake Walter Cannon alilipinga kwa hoja ambayo hadi leo siioni imejibiwa kikamilifu. Alisema mabadiliko ya viungo vya ndani hufanana mno katika hali zilizo tofauti kabisa: moyo huenda mbio kwa hofu, kwa hasira, na hata kwa homa. Kila Mganda aliyewahi kushikwa na malaria anaifahamu hoja hiyo bila kusoma kitabu, kwani alitetemeka meno yakagongana na wala hakuwa akimwogopa mtu. Mwaka 1974 watafiti wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walimweka msichana karibu na daraja la kuning'inia lenye kutikisika juu ya bonde refu nchini Kanada, awahoji wanaume waliokuwa wakilivuka na kuwapa namba yake ya simu. Kati ya waliovuka daraja hilo, waliompigia simu baadaye walikuwa wengi zaidi kuliko kati ya waliovuka daraja la chini, lililo imara. Watafiti walieleza kwamba wale wanaume waliusikia moyo ukidunda kweli, lakini sehemu ya hofu ya daraja wakaihesabu kuwa ni mvuto wa msichana.

Shikilia basi jambo hili, maana mengine yote yanalitegemea: mwili hukuambia mahali na ukubwa wa jambo, lakini haukuambii jina lake wala aliyelisababisha. Jina unalitafuta wewe, kwa subira, na unaweza kukosea. Mtu asiyejua hili huingia katika hatari mbili. Ya kwanza ni kuufanya mwili mganga wa ramli: "tumbo limenikataa, basi mteja huyu ni mwizi." Ya pili ni ile aliyoieleza mwanasaikolojia Mwingereza David Clark mwaka 1986 kuhusu watu wanaoshikwa na hofu ya ghafla, kwamba husikia moyo ukiruka pigo moja, wakatafsiri kuwa ni kifo, hofu ikauongezea moyo mbio, na mbio zile zikawa ushahidi mpya wa kifo. Watu hao hawana upungufu wa kusikia. Wanasikia mno na kutafsiri upesi mno, na kuwaambia "sikilizeni mwili zaidi" ni kumwaga mafuta motoni. Wewe uko upande wa pili: tafsiri huna kabisa, na umekuwa ukiziba pengo hilo kwa neno "sawa".

Neno hilo halikutoka hewani. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi katika nchi yetu tangu siku za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na mtoto wa kambini hukisikia kwanza kama lugha ya amri: simama, geuka, nyamaza. Mtu anaweza kukua akijua Kiswahili safi cha kuamrisha na kuripoti, ambacho ndani yake "niko sawa" ni jibu la mstari wa gwaride. Mapema miaka ya 1970 daktari wa akili Peter Sifneos wa Boston alilipa jina tatizo la watu waliopata taabu kutaja hisia zao huku miili yao ikilalamika: aleksithimia, kutokuwa na maneno ya hisia. Nalitaja jina hilo kwa kusita, kwa sababu si ugonjwa bali ni tabia ambayo watu wanayo kwa viwango mbalimbali, na kwa barua moja siwezi kusema kama unayo. Nalitaja kwa kuwa limeniwekea wazi jambo moja: asiye na neno la hisia mara nyingi ana maneno ya mwili, na hayo ndiyo mlango.

Tena Kiswahili hakina uhaba wa maneno hayo. Tumbo huweza kusokota, kuunguruma, kujaa, kukaza au kuwaka. Kichwa huwanga. Koo hukauka, hukereketa au hukabwa. Kifua hubana, mbavu huchoma kichomi, ngozi husisimka, magoti hulegea, vidole hufa ganzi, moyo hudunda, hupwita au huzizima. Wewe umesema tumbo "linaungua" na ukaishia hapo. Linaungua kama kiungulia kinachopanda kooni, au kama kaa la moto lililokaa mahali pamoja chini ya chembe cha moyo? Linaanza ghafla au linapanda polepole kama maji ya kisima? Huo si urembo wa maneno. Mtu akishapata kitenzi kinachokaa sawasawa, amekwisha kulisogelea jambo hatua moja, na mara nyingi pumzi yake inashuka kidogo kwa ajili hiyo tu.

Kazi ninayokupa ni hii. Nunua daftari dogo la kurasa 48. Kwa wiki mbili za kwanza nakukataza kuandika jina lolote la hisia. Usiandike hasira, usiandike huzuni, usiandike sawa. Mara tatu kwa siku, kabla hujawasha simu asubuhi, mara tu baada ya kukata simu ya mteja mgumu, na jioni kabla hujafungua geti la nyumbani, tulia dakika mbili hivi macho yakiwa wazi. Anza na nyayo: je, zinagusa ardhi kwa uzito sawa, ni za moto au za baridi? Nyayo na viganja havina siri nyingi, na hiyo ndiyo sababu ya kuanzia huko. Kisha panda hadi tumboni, kifuani, kooni, tayani na mabegani. Andika mstari mmoja tu wenye mahali, kitenzi, ukubwa kutoka 0 hadi 10, saa, na jambo lililotangulia. Usipopata kitu andika "kimya", ukitaja ni kimya cha wapi, kwa maana hata tumbo lililonyamaza wakati mabega yanavuta ni habari.

Usijilazimishe kupumua kwa mtindo wowote, wala usijaribu kuliondoa lile linaloungua. Najua wengi hufundisha kupumua, na kupumua polepole kwa kurefusha pumzi ya kutoka kunatuliza kweli. Lakini ukimtuliza shahidi kabla hajasema, kesi itakwenda bila ushahidi.

Wiki ya tatu ndiyo ya majina. Mwanafalsafa na mwanasaikolojia Eugene Gendlin wa Chuo Kikuu cha Chicago, alipochunguza pamoja na wenzake sauti zilizorekodiwa za watu wakizungumza na washauri wao, aliona kwamba waliokuja kupona hawakuwa wasemaji hodari. Walikuwa wale waliosita katikati ya sentensi, wakaonekana kupima ndani jambo ambalo halijawa wazi, kisha wakasema, "Hapana, si hivyo, ni kama..." Kusita huko ndiko tunakojifunza. Unachukua jina moja, unaliweka karibu na mahali panapoungua, unangoja. Jina likiwa si lake, hakuna kinachobadilika. Likiwa lake, kitu kidogo husogea: pumzi hushuka, mabega huteremka, machozi hulenga, au pale palipokuwa pakiwaka panakuwa pazito tu.

Nikupe mfano niliouunda mwenyewe, usije ukadhani namjua mtu wako. Saa nane mchana mteja anapiga simu kwa mara ya nne kuulizia kontena lake, nawe unamjibu, "Iko njiani, bosi," ilhali makaratasi hayajatoka mezani. Daftari linasema: chini ya chembe cha moyo, kaa la moto, 7, saa nane na dakika tano, simu. Jioni unarudi kwenye mstari huo. Unajaribu "njaa", lakini ulikula chapati saa saba. Unajaribu "hasira", jina ambalo kila mtu angekupa, na tumbo halijibu. Unaangalia tena mistari ya siku zilizopita, ukagundua kwamba kaa lile huanza kabla hujapokea simu, pale unapoona tu jina la mteja kwenye kioo. Unajaribu "hofu", panasogea kidogo. Unajaribu "aibu", na pumzi inashuka hadi kitovuni, kwa sababu unaona haya kwamba wewe, mtoto wa askari uliyefundishwa kutosema uongo, unasema uongo mara nne kabla ya saa kumi. Hapo tumbo halikukupa jibu peke yake. Tumbo, saa, daftari na kumbukumbu ndivyo vilivyokutana. Kesho unaweza kukuta kwamba si aibu bali ni uchovu, ukafuta.

Utakutana mtandaoni na picha za miili iliyopakwa rangi, hasira ikiwa nyekundu kifuani na mikononi, huzuni ikiwa buluu miguuni. Zinatokana na kazi nzuri ya watafiti wa Finland iliyochapishwa mwaka 2014, waliowaomba watu zaidi ya 700 kutoka Finland, Sweden na Taiwan wapake rangi sehemu walizosikia zikichangamka au zikilegea. Ziangalie kwa kujifurahisha, ila usizifanye kamusi. Huo ni wastani wa watu wengi, na kaa lako la saa nane halimo.

Neno la tahadhari, nalo ni zito. Kuna watu ambao kushuka ndani ya mwili huwarudisha vitani, barabarani penye ajali, au chumbani walikoteswa, na katika nchi hii hao si wachache. Umeandika kidogo kuhusu kambi na baba yako, nami sitajaza mapengo. Ikiwa ukikaa kimya unaanza kuona picha usizoziita, mwili ukafa ganzi, au ukajikuta umepotea kwa muda, acha mara moja. Simama, tembea, shika kitu cha baridi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Kisha kazi hii uifanye ukiwa na mshauri tu. Tena kama kuna siku unafikiri bora usiwepo, usisubiri wiki ya tatu: hospitali za rufaa za mikoa, Mbale ikiwemo, zina kitengo cha afya ya akili, na Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Kampala kwa ajili hiyo.

Imebaki nyumba yako. Mke wako hakukuomba jina la kitaalamu. Nadhani aliomba taarifa, na wewe umekuwa ukimpa ya gwaride. Jaribu jioni moja kumwambia tu kilicho daftarini: "Tangu saa nane kuna kaa hapa, na sijajua ni la nini." Atataka kukusaidia kulipa jina, pengine atalipa jina lake yeye. Mwombe asikie kwanza bila kuagua, na akiuliza kama umekasirika, una ruhusa ya kujibu, "Nililijaribu jina hilo, halikukaa." Wiki tatu zikiisha, rudi kwa yule mama mshauri na daftari lako. Akikuuliza tena unasikiaje, fungua ukurasa wowote umsomee.